Jinsi ya Kulipata Jalada la Mirathi Mahakamani: Mwongozo kwa Warithi wa Tanzania Bara

Mwaka 2016 nilimsindikiza shangazi yangu kwenye mahakama moja ya mwanzo kutafuta jalada la mirathi ya babu. Tulibeba kila tulichodhani kitatakiwa: cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa mtaa, hata risiti za zamani za kodi ya kiwanja. Karani akatuuliza kitu kimoja tu, namba ya shauri. Hatukuwa nayo. Tukarudi mara tatu zaidi, tukapekua rejista za 1994 na 1995 kwa sababu babu alifariki Oktoba 1994, na jina lake hatukuliona. Jalada lilikuwa kwenye rejista ya 2001. Baba mkubwa alifungua mirathi karibu miaka saba baada ya mazishi, siku alipopata mnunuzi wa kiwanja.

Tangu hapo nimeshawasindikiza ndugu na majirani kadhaa kwenye safari kama ile, na kila mara naona kosa ni lile lile: watu wanakwenda mahakamani na jina la marehemu na tarehe ya kifo, wakidhani vinatosha. Havitoshi. Hapa naandika njia ninayoifuata mimi, na ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake. Mirathi ya Waislamu huko iko kwa Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo ina kumbukumbu zake, kwa hiyo mwenye marehemu wa huko aanzie huko.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee kabla hujatoka nyumbani

Chukua daftari. Unatafuta majibu ya maswali manne: marehemu alikuwa akiandikwaje jina lake kwenye karatasi, alikuwa anaishi wapi siku alipofariki, mali yake ilianza kuguswa lini, na nani aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi.

Jina linasumbua kuliko watu wanavyotarajia. Mzee anayejulikana mtaani kwa jina la utani au la mtoto wake wa kwanza anaweza kuwa na jina jingine kabisa kwenye kitambulisho cha kazi. Andika kila namna unayoisikia. Muhamadi, Mohamedi na Mohamed ni mtu mmoja kwako, lakini kwa karani anayepitisha kidole kwenye rejista ni watatu. Jina la baba na la babu hubadilishana nafasi. Mwanamke anaweza kuandikwa kwa jina la mume kwenye karatasi moja na kwa jina la baba yake kwenye nyingine, ndiyo maana wakati mwingine ndani ya jalada utakuta kiapo kinachoeleza kwamba majina mawili ni ya mtu yule yule.

Swali la tatu ndilo lililotukosesha sisi. Mwaka wa kifo si mwaka wa mirathi. Kuna familia zinazofungua shauri ndani ya mwezi mmoja kwa sababu kuna mafao ya kazini, na kuna zinazokaa miaka kumi bila kugusa kitu mpaka barabara ipanuliwe na fidia ianze kulipwa. Kwa hiyo usiwaulize wazee "mirathi ilifunguliwa lini?", maana wengi hawajui. Waulize kiwanja kiliuzwa lini, nyumba ilianza kupangishwa na nani, mafao yalitoka mwaka gani, fidia ililipwa lini. Mirathi itakuwa mwaka ule au mmoja nyuma yake.

Waulize pia kuhusu kikao cha ukoo. Karibu kila shauri la mirathi linaanza na muhtasari wa kikao cha familia uliomteua mtu mmoja akaombe usimamizi. Nani aliandika? Nani walisaini? Wazee wawili watatu huwa wanakumbuka walikaa kwa nani, na mara nyingi mmoja wao ana kivuli cha muhtasari kwenye sanduku. Huo muhtasari una tarehe, na tarehe hiyo inakufikisha karibu sana na ukurasa wa rejista.

Hatua ya pili: jua ni mahakama ipi

Watu wengi hukimbilia mahakama ya kijijini kwa marehemu, alikozaliwa na kuzikwa. Sheria inaangalia kitu kingine. Kwa Mahakama ya Mwanzo, Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linazungumzia mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu wakati wa kifo chake. Mtu aliyezaliwa Rombo, akaishi Tabora miaka thelathini na kufia Tabora, mtafute Tabora kwanza hata kama kaburi liko Rombo.

Kisha kuna ngazi ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au sheria ya Kiislamu. Mirathi nyingine, kwa mfano ya Mkristo aliyeacha wosia au aliyeishi nje ya mila, kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Lakini usijifungie hapo. Nimeona majalada mengi ya Wakristo kwenye mahakama za mwanzo, kwa sababu msimamizi alieleza kwamba marehemu aliishi kimila na hakuna aliyepinga. Ukikosa ngazi moja, uliza nyingine.

Halafu mipaka hubadilika. Manyara imekuwa mkoa mwaka 2002, ikitoka Arusha. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa 2012, Songwe 2016. Jalada la mtu aliyefariki Geita mwaka 1990 lilifunguliwa wakati Geita ni wilaya ya Mwanza, na kama lilikuwa la Mahakama Kuu basi lilisajiliwa Mwanza. Vivyo hivyo kwa Musoma, ambayo zamani mashauri yake ya Mahakama Kuu yalikwenda Mwanza kabla haijapata masjala yake. Chora mstari mmoja kwenye daftari lako: mwaka huo, eneo hili lilikuwa wilaya gani na mkoa gani?

Kwa Dar es Salaam, mashauri ya mirathi ya kuanzia 2021 anzia Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichoko Temeke, ambako ngazi za mahakama ziko chini ya paa moja. Kwa ya zamani zaidi uliza hapo na pia kwenye mahakama lilikofunguliwa shauri.

Hatua ya tatu: itafute namba ya shauri nje ya mahakama

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa uisome mara mbili.

Msimamizi wa mirathi hawezi kufanya lolote bila hati ya usimamizi. Kwenye Mahakama ya Mwanzo hati hiyo ni Fomu Namba IV. Akienda benki, anatoa kivuli chake. Akienda kwenye mfuko wa hifadhi, anatoa kivuli. Akibadilisha jina la kiwanja, anatoa kivuli. Na juu ya kila kivuli kuna jina la mahakama, namba ya shauri na mwaka. Maana yake namba unayoihangaikia imelala kwenye ofisi nne au tano za mjini, na huenda mojawapo ni rahisi kuingia kuliko masjala.

Anza na ardhi. Kama marehemu alikuwa na kiwanja chenye hati, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi. Unahitaji namba ya hati, au namba ya kiwanja na kitalu. Msimamizi aliyesajiliwa badala ya marehemu ataonekana kwenye daftari la Msajili wa Hati, na nyaraka alizowasilisha zina namba ya shauri. Upekuzi huu una faida ya pili: unakuonyesha mali iko kwa nani leo, jambo ambalo jalada la mahakama peke yake haliwezi kukwambia.

Kama ardhi haina hati, nenda serikali ya mtaa au ya kijiji. Mikataba ya mauziano inayoshuhudiwa pale mara nyingi inamtaja muuzaji kama msimamizi wa mirathi ya fulani, na mwenyekiti mwangalifu huambatanisha hati ya usimamizi. Kwetu sisi namba ilitoka hapo. Mnunuzi wa kiwanja cha babu alikuwa mtu mwema, akatufungulia kabati lake, na nyuma ya mkataba kukawa na Fomu IV iliyofifia lakini muhuri unasomeka.

Kwa mafao, mfuko aliochangia marehemu ndio wa kuulizwa. Watumishi wa umma wa mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kumbukumbu zao ziko PSSSF tangu mifuko hiyo iunganishwe mwaka 2018. Wa sekta binafsi ni NSSF. Benki ni wagumu kutoa nyaraka za mteja, na wana sababu zao, kwa hiyo usiombe nakala. Omba wakutajie mahakama na namba ya shauri tu, kwa barua, ukiambatanisha cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha wewe ni mtoto wa marehemu.

Kuna magazeti pia. Kabla mtu hajateuliwa, mahakama hutoa tangazo kuwaita wenye pingamizi, na matangazo mengi huchapishwa magazetini, yakitaja mahakama, namba, jina la marehemu na la mwombaji. Maktaba Kuu ya Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyiko wake wa Afrika Mashariki, wanatunza magazeti ya zamani. Ni kazi ya kuchosha macho, sikushauri uianze kama hujapunguza muda mpaka miezi michache.

Mwisho wa hatua hii, fungua tovuti ya TanzLII kwenye simu. Ni bure, na imejaa hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Tafuta jina la marehemu, kisha la msimamizi. Kama kulikuwa na ugomvi uliofika juu, hukumu itaanza kwa kusimulia shauri lilikotoka, pamoja na namba yake kwenye mahakama ya mwanzo. Kama mirathi ilikwenda kimya kimya hutaona kitu, na hiyo si dalili kwamba haikufunguliwa.

Hatua ya nne: andika barua

Usiende dirishani na maneno matupu. Karani ana foleni, na ombi la mdomo halina anayewajibika nalo. Mahakama za mahakimu barua inakwenda kwa Hakimu Mfawidhi, Mahakama Kuu inakwenda kwa Naibu Msajili. Mimi huiandika hivi:

*Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi,*
*Mahakama ya Mwanzo ………,*
*S.L.P. ………*

*YAH: OMBI LA KUKAGUA JALADA LA MIRATHI NA. ……… YA MWAKA ………, MAREHEMU ………*

*Husika na somo hapo juu. Mimi ni mtoto/mjukuu/mjane wa marehemu aliyetajwa, aliyefariki tarehe ……… akiwa mkazi wa ………. Naomba kibali cha kukagua jalada hili na kupatiwa nakala zilizothibitishwa za maombi, muhtasari wa kikao cha ukoo, hati ya usimamizi, orodha ya mali na hesabu za mirathi. Lengo ni kujua hali ya usimamizi nikiwa mrithi halali. Msimamizi aliyeteuliwa, kwa ninavyofahamu, ni ………. Naambatanisha kivuli cha cheti cha kifo, cha cheti changu cha kuzaliwa na cha kitambulisho.*

Kama namba huna, andika majina yote uliyokusanya na miaka unayoikisia, isizidi mitano. Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ule muhuri ndio utakaokutetea miezi miwili baadaye ukiambiwa hawajawahi kukuona.

Mjane au mtoto asiye na cheti cha ndoa au cha kuzaliwa asikate tamaa. Barua ya mtendaji wa kata, cheti cha ubatizo au kiapo cha mzee wa ukoo vimewahi kukubaliwa mbele yangu kwa ajili ya kukagua tu.

Hatua ya tano: masjala

Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Msalimie karani, mpe nafasi ya kusoma barua yako mpaka mwisho. Hawa ni watu wanaotunza maelfu ya majalada kwenye vyumba vidogo, na ukimheshimu atakumbuka rafu ambayo haimo kwenye kumbukumbu yoyote.

Rejista ya mirathi hupangwa kwa mwaka na namba. Jina la mwombaji limo, la marehemu limo, lakini macho ya anayetafuta haraka hukamata jina la kwanza kwenye mstari. Mwombe karani atafute kwa majina yote mawili. Mashauri ya miaka ya karibuni yameingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na hupatikana kwa kuandika jina. Ya zamani ni kalamu na daftari.

Ukiambiwa "namba ipo, jalada halipo", usiondoke. Uliza maswali matatu. Je, shauri lilikatiwa rufaa? Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya, na jalada la awali huitwa huko, wakati mwingine likapanda mpaka Mahakama Kuu na kukaa. Je, liliitwa kwa ukaguzi au kwa marejeo, yaani mahakama ya juu kulipitia upya? Je, limeshapelekwa kwenye hifadhi ya majalada yaliyofungwa? Mara nyingi kuna kitabu cha kutoa majalada chenye saini ya aliyelichukua. Omba kiangaliwe.

Malipo yoyote unayodaiwa yalipwe kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti ibaki kwako. Anayekufuata nje ya geti akisema anaweza "kulifukua" kwa fedha ya mkononi, mpite. Nakala atakayokuletea huwezi kujua imetoka wapi.

Hatua ya sita: lisome jalada kama mtu mwenye haki

Utakaa chini ya macho ya karani, na jalada halitoki nje ya chumba. Usipige picha bila kuruhusiwa. Chukua kalamu.

Jalada la Mahakama ya Mwanzo limeandikwa kwa Kiswahili tangu zamani, ila mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, umeandikwa kwa mkono wa hakimu na mikono mingine ni migumu. Usione aibu kumwomba karani akusomee. Mahakama za juu ziliandika kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, kwa hiyo kwa jalada la zamani la Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu nenda na mtu anayesoma Kiingereza vizuri.

Anza na maombi, Fomu Namba I. Humo mwombaji ametaja warithi. Hesabu majina. Tulipolifungua jalada la babu, orodha ilikuwa na watoto watano wa kiume, na wasichana wanne hawakuwemo. Shangazi aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna ukurasa wa pili. Hapakuwa na ukurasa wa pili.

Soma muhtasari wa kikao cha ukoo na saini zake. Je, waliosaini walikuwa hai tarehe hiyo? Walikuwepo? Je, kuna saini ya mtu ambaye wewe unajua hakujua kuandika na siku zote alitumia dole gumba? Andika unachokiona, usimtuhumu mtu hapo hapo.

Fomu Namba II ni tangazo. Angalia tarehe yake na ya siku hakimu alipoamua, uone kama wenye pingamizi walipewa nafasi. Kisha soma mwenendo: nani alihojiwa, washauri wa mahakama walisema nini, na hakimu alitoa amri gani hasa. Wakati mwingine amri ina masharti ambayo msimamizi hakuyasema nyumbani, kama kutouza nyumba anayoishi mjane.

Halafu nenda kwenye Fomu Namba V, orodha ya mali na madeni. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49, zinamtaka msimamizi aiwasilishe ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au muda zaidi ambao mahakama itaruhusu. Fomu Namba VI ni hesabu: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa, kilichohamishwa. Chini ya Sura ya 352, msimamizi ana miezi sita kwa orodha ya mali na mwaka mmoja kwa hesabu.

Linganisha orodha hiyo na unavyoijua mali. Shamba la mtoni limo? Ng'ombe wamo? Deni lililoandikwa, nani alilidai? Na kama Fomu V na VI hazimo kabisa, jambo ninalolikuta mara nyingi mno, basi usimamizi ule haujakamilika hata kama msimamizi amezeeka nao. Mrithi ana haki ya kuiandikia mahakama ile ile imwite msimamizi alete orodha na hesabu. Na chini ya Kanuni ya 9 ya kanuni zile za mwaka 1971, uteuzi wenyewe unaweza kutenguliwa kwa sababu za msingi, kwa mfano ukipatikana kwa udanganyifu au kwa kuificha mahakama jambo la maana.

Muda nao unahesabiwa. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ni ndani ya siku 30, na Mahakama ya Wilaya haifanyi marejeo ya shauri lililomalizika zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kama kilichokuleta ni uamuzi wa mwezi jana, usitafute nakala kwa starehe. Mtafute wakili au shirika la msaada wa kisheria wiki hiyo hiyo, ukiwa na namba ya shauri mkononi.

Hatua ya saba: nakala

Kivuli cha kawaida kinakusaidia kusoma. Cha kupeleka ofisi nyingine lazima kiwe nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama, saini na tarehe. Omba uthibitisho kwenye kila waraka, usikubali muhuri kwenye ukurasa wa kwanza tu. Kabla hujaondoka hesabu kurasa na uhakikishe tarehe zinasomeka, kwa sababu vivuli vya karatasi za miaka ya themanini hutoka vyeusi.

Kama kwenye jalada kumetajwa wosia na huuoni, uliza RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wakala huyo hupokea na kuhifadhi wosia, na amewahi kuwa msimamizi wa mirathi nyingi mwenyewe. Wosia mwingine ulibaki kwa wakili, benki au parokia.

Majalada ya zamani sana, na yaliyopotea

Mahakama za mwanzo tulizonazo zinatokana na sheria ya mwaka 1963. Nyuma ya hapo, mirathi za watu wa kawaida zilikuwa kwenye mabaraza ya machifu na mahakama za wenyeji. Anayetafuta mgawanyo wa urithi wa mwaka 1938 asipoteze muda masjala. Aende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Dodoma. Chini ya sheria yao ya mwaka 2002, nyaraka za umma kwa kawaida huwa wazi zikitimiza miaka 30. Utajaza fomu, utapewa orodha, na utatafuta kwa wilaya na mwaka, si kwa jina. Mgawanyo wa mali za familia hutokea humo mara chache, na huwa umechanganyika na barua za mabwana shauri kuhusu ng'ombe na mipaka.

Lakini jalada la 1987 lililokuwa kwenye rejista na sasa halionekani ni jambo jingine. Omba uandikiwe barua kwamba limetafutwa na halikupatikana. Ukiwa nayo, muombe Hakimu Mfawidhi jalada lijengwe upya. Mahakama itawaita waliohusika walete nakala walizonazo: Fomu IV ya msimamizi, kivuli kilichoko ofisi ya ardhi, muhtasari ulioko kwenye sanduku la mzee. Ndiyo sababu nimesema uanze nje ya mahakama, maana karatasi ulizozikusanya kwenye hatua ya tatu ndizo zitakazolijaza jalada jipya.

Shangazi aliandika barua yake wiki ile ile. Baba mkubwa aliitwa, akaja na fimbo yake, na miaka 15 baada ya kuteuliwa akajaza Fomu Namba V kwa mara ya kwanza. Kiwanja kilikuwa kimeshauzwa na hakikurudi. Shamba lilikuwepo bado, na safari hii majina ya warithi yalikuwa tisa. Namba ya shauri lile tuliiandika kwa wino nyuma ya kivuli cha cheti cha kifo cha babu, pamoja na jina la mahakama na mwaka wa rejista, tukampa kila mmoja wa wale tisa kivuli chake.